Mwisho Niliomtungia Shangazi

Kuna mwandishi mmoja nilimpenda miaka mingi nikamchukia alasiri moja, na mpaka leo sijamsamehe vizuri. Jina lake naliacha. Alikuwa mtu wa mjini, wa pwani kwa jinsi nilivyomsoma, mtunzi wa riwaya nyembamba za mapenzi zenye majalada ya rangi kali. Gundi ya vitabu vyake ilikuwa mbovu, ukifika katikati kurasa zinaanza kukudondokea mapajani. Sisi huku Karagwe tulivishona kwa uzi wa magunia.

Nasema sisi kwa sababu sikuwa nikisoma peke yangu. Nilisoma na shangazi, dada yake baba, aliyeolewa Ihanda. Hakujaliwa mtoto, na mumewe alipoondoka baba alinitoa kwetu Kituntu nikakae naye. Kusoma hakujua. Kisomo cha watu wazima alikihudhuria siku moja tu, akakiacha, kwa maelezo kwamba mwalimu alikuwa mdogo kwake kwa umri na hakumpa shikamoo. Lakini hadithi alizipenda kupita kiasi.

Basi tukawa na utaratibu wetu. Mchana, kazi za kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, zikiisha, tunakaa uani kando ya mkeka wa kahawa. Yeye anachambua buni mbovu, mimi nasoma. Nasoma sentensi mbili tatu kwa Kiswahili, halafu nazirudia kwa Kinyambo, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununua chumvi na kugombana na wenye baiskeli. Alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akitia punje moja mdomoni kila sura inapoanza. Mahali patamu alinyanyua mkono, nami nikarudia. Mwandishi yule, shangazi alimwita "mtu wangu". Mtu wangu leo amesema kweli. Mtu wangu leo amekuwa mvivu.

Nieleze kuhusu mumewe, maana bila yeye hadithi hii haina kichwa. Vita na Uganda vilipoanza, mwishoni mwa mwaka sabini na nane, alikwenda na wanamgambo. Wenzake walirudi, wengine wakiwa na redio begani, wengine bila mguu. Yeye hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema alimwona akianguka. Mmoja alisema alimwacha upande wa pili wa mto akiwa mzima. Sentensi hiyo moja ndiyo iliyomshika shangazi miaka yote. Mlango wake wa mbele haukutiwa komeo tangu siku ile. Aliufunga kwa kuurudishia tu, kama mtu anayetegemea mwenziwe yuko njiani.

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukachunwa maganda ya nje, ukavikwa rubugo, ile nguo ya gome la mti, ukazikwa kibanjani kwa jina lake. Watu wanalia, wanakaa matanga, mjane ananyolewa, mambo yanakwisha. Shemeji yake shangazi, mkubwa wa ukoo na mzee wa kanisa, alikuja kila mwaka baada ya mavuno ya kahawa kuuomba mgomba huo. Alikuja kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na alikuwa na hamu ya kumlilia mdogo wake kabla na yeye hajafa. Shangazi alimkaribisha, akampa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akamwambia kila mara maneno yaleyale: "Siwezi kumzika mtu aliye hai." Shemeji alikunywa, akaaga, akaenda zake akiwa ameinama.

Kitabu ninachokisema kilifika miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Alikileta mchuuzi wa vitu vikuukuu aliyezunguka na baiskeli kutoka Kayanga, na nilipoliona jina la mwandishi nikapiga kelele. Juu ya jalada palikuwa na mwanamke amesimama mlangoni, na mbele yake mwanamume ambaye kupitia mwili wake unauona ukuta wa nyuma. Riwaya ya mapenzi na mizimu! Mtu wetu hakuwahi kuandika kitu kama hicho. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na nilidhani hakuna furaha iliyobaki kuizidi hiyo.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Dereva wa treni anakufa kwa ajali wiki ya pili baada ya harusi. Kila magharibi anarudi, anasimama mlangoni kwa mkewe. Hali, hanywi, hana kivuli, na hawezi kuvuka kizingiti. Wanaongea tu, yeye nje, mke ndani, mpaka taa zinapowashwa mtaani.

"Treni ni kitu gani?" shangazi aliuliza.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. "Ni mabasi mengi yamefungwa kamba," nikamwambia.

"Basi si ajabu ameanguka."

Siku tatu za mwanzo tulicheka hivyo. Siku ya nne niligundua kwamba shangazi hachambui kahawa tena. Mikono imelala juu ya mkeka, punje ya kahawa iko mdomoni haitafunwi. Nilikuwa nasoma pale mke anapomuuliza mumewe kwa nini haingii, naye anajibu kwamba yeye mwenyewe hajui kama amekufa, kwa hiyo hajui kama anaruhusiwa. Shangazi alinyanyua mkono. Nikarudia. Akanyanyua tena. Nilirudia mara nne, na mara ya nne sauti yangu ilikuwa imekauka.

"Mwishoni anaingia au anaondoka?" akauliza.

"Sijafika huko, shangazi."

"Huyu mtu wangu anajua kitu," akasema taratibu. "Safari hii anajua kitu. Tutakapofika mwisho, nami nitajua la kumjibu shemeji."

Sikupata usingizi mzuri kwa maneno hayo. Mtu mzima, mwenye akili kuliko wengi ninaowajua, ameweka ndoa yake yote mikononi mwa kitabu cha kushona kwa uzi. Na mimi ndiye msomaji.

Kesho yake asubuhi nilifanya nilichokuwa nimekatazwa na shangazi, nikaenda na kitabu kwenye migomba ya nyuma nikasoma mbele peke yangu. Nilisoma nimesimama. Kurasa za mwisho nilizisoma mara mbili, kwa sababu sikuamini kwamba mtu niliyempenda hivyo anaweza kunifanyia vile. Mke anafumbua macho hospitalini. Alikuwa na homa kali ya malaria. Pembeni ya kitanda amekaa mumewe, mzima, anamenya chungwa. Hakukuwa na ajali. Hakukuwa na mzimu. Kumbe yote yalikuwa ndoto! Wanacheka, wanakula chungwa, kitabu kimekwisha.

Nilikitupa chini. Nilikiokota kwa sababu ya umande, nikakipangusa kwa kitenge, nikamtukana mwandishi kwa lugha mbili. Uvivu gani huu? Umetuvuta siku zote hizi, umetufikisha mlangoni, halafu unatuambia hakuna mlango? Lakini hasira yangu ya msomaji ilikuwa kitu kidogo. Nilichoogopa ni shangazi. Akisikia kwamba dereva wa treni hakufa kabisa, kwamba alikuwa pembeni anamenya chungwa, ataliacha komeo lile wazi mpaka kaburini.

Nikaamua kudanganya.

Alasiri tukakaa mahali petu. Shangazi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, nami nikajifanya sijaona. Nilisoma kwa uaminifu mpaka pale homa inapoanza, halafu nikayaacha yaliyoandikwa na kuanza yangu. Nilikikodolea macho kitabu, nikawa natunga. Niliacha hata Kiswahili, nikasema moja kwa moja kwa Kinyambo, maana sikuweza kutunga mara mbili. Katika mwisho wangu, dereva wa treni anakuja magharibi moja amechoka. Anamwambia mkewe kwamba miguu inamuuma kwa kusimama. Anamwomba amtafutie pa kulala, chini ya mgomba nyuma ya nyumba, amfunike rubugo, asimwache kwenye baridi. Na mke anamwambia: "Umesimama mlangoni siku nyingi, mume wangu. Nenda kalale. Mlango nitaufunga mimi." Naye anakwenda, haangalii nyuma, kwa kuwa ameruhusiwa.

Machozi yalikuwa yananitoka, nami niliona aibu kulia kwa maneno yangu mwenyewe.

Shangazi akaanza kutafuna punje iliyokuwa mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "huyu mtu wa pwani ameijua wapi rubugo?"

Nikainamia kitabu, nikijifanya natafuta mstari.

"Miaka yote hii watu wake wanakunywa soda na kuzikana kwa sanda. Leo dereva wa treni anataka rubugo na mgomba. Na tena, tangu jua liko pale mpaka limefika hapa hujafungua ukurasa hata mmoja. Mimi sijui kusoma, kuona naona." Akanyoosha mkono, akakigusa kitabu kwa kidole. "Sasa nisomee alichoandika yeye."

"Shangazi, ni kibaya."

"Nisomee."

Nikamsomea. Kiswahili, kisha Kinyambo, sentensi kwa sentensi, homa, hospitali, chungwa. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyefumaniwa na sukari. Nilipofika kwenye ndoto nilimtazama usoni, nikitegemea kuona kile nilichokiogopa, ile furaha.

Haikuwepo. Shangazi alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeuma buni iliyooza.

"Ndoto?" akasema.

"Ndoto."

"Na yule aliyekuwa akisimama mlangoni?"

"Hakuwepo, shangazi. Anasema hakuwepo."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Ameogopa," akasema. "Mtu wangu ameogopa. Alimpenda yule kijana, basi ilipofika pa kumwacha afe akashindwa, akamletea chungwa." Akaanza kuchambua kahawa, haraka haraka, mbovu na nzima akizichanganya. Halafu mikono ikasimama. Alisema tena, safari hii kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ikinisemesha mimi: "Ameogopa tu, maskini."

Ndipo alipolia. Tangu niishi naye sikuwahi kumwona akimlilia mumewe, kwa sababu kumlilia kungekuwa ni kukubali. Alilia ameshika kikapu chake cha kahawa, punje zikimwagika mkekani, na mimi nilimkumbatia mabega. Nilimpenda mno siku ile. Nilitamani niwe mkubwa kuliko yeye ili nimbebe.

Asubuhi iliyofuata alijifunga vizuri, akaenda mwenyewe kwa shemeji, hakumngoja aje. Nilikwenda naye. Shemeji alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akaacha panga aliposikia salamu.

"Shikamoo, shemeji," shangazi akasema, ingawa hakuwa amezoea kumwamkia hivyo. "Nimekuja kukwambia mkate mgomba."

Mzee yule alikaa chini palepale juu ya majani, akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

Walizika wiki ile. Watu walikuja kutoka hata Igurwa na Kituntu, baba yangu akiwemo. Mgomba ulichunwa ukawa mweupe, ukavikwa rubugo mpya, ukabebwa na wanaume wanne kwa utaratibu kana kwamba una mifupa. Nilimnyoa shangazi mimi mwenyewe, kwa ombi lake, na kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Mchungaji alikuwa amesema hatasali juu ya mgomba, lakini alikuja, akasimama pembeni amevua kofia, na mwishoni akasali.

Kabla hawajafukia, shemeji alimwuliza shangazi kama ana neno la kumwambia marehemu. Nilidhani hana. Alisogea ukingoni mwa kaburi. Akainama, akasema kwa Kinyambo, bila kukosea hata neno moja, kama alivyolisikia mara moja tu pale uani:

"Umesimama mlangoni siku nyingi, mume wangu. Nenda kalale. Mlango nitaufunga mimi."

Nilimshika baba mkono.

Kitabu kile bado ninacho. Shangazi aliniagiza nizichane kurasa za hospitali na chungwa, tukawashia nazo moto wa chai ya waombolezaji. Wanaokiazima hunirudishia wakilalamika kwamba hakina mwisho, nami huwapa ule wa rubugo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mtu wa pwani aliijulia wapi.

Jioni ya mazishi, wageni wa mbali walipokwisha kuondoka na jua lingali juu ya vilima, nilimsikia shangazi kwenye mlango wa mbele. Komeo lilikuwa limeota kutu, likamsumbua. Nilitaka kumsaidia akanikataza. Alilisukuma mpaka likaingia, akaja akakaa karibu nami, akakipapasa kile kichwa chake kipya.

"Kesho tutafute kitabu kingine," akasema. "Cha mtu mwingine."