Njia Nyuma ya Banda la Kuku

Barua ilisema nimekata majani kwenye shamba ambalo sikuwa nimelikanyaga mwaka mzima.

Shule niliishia darasa la nane, lakini barua ya vitisho naijua hata kabla sijaifungua.

Huku kwetu Kansas serikali inatulipa tusilime. Unaacha majani yarefuke mpaka yampite mtu, ndege watage humo chini. Ukipitisha mashine kabla ya katikati ya Julai, mkataba unafutwa.

Na bila mkataba ule, ningeuza nyumba aliyofia mke wangu.

Mbaya wangu nilimjua palepale. Vernon, jirani, mjumbe wa kamati ya kaunti inayosimamia mikataba hii. Tangu achaguliwe hatusalimiani. Hata mke wangu, Lorna, nilimpiga marufuku kukanyaga kwao, ingawa yeye na Darla, mke wa Vernon, walikuwa chanda na pete.

Nikatinga ofisi ya kamati nimefura.

"Nani kanichongea?" nikamuuliza Kaylene, binti wa mapokezi. "Si huyo hapo?"

Vernon alikuwa kakaa pembeni, kofia mapajani.

"Hajakuchongea mtu, mzee Orrin," binti akasema. "Kila kiangazi mashamba yanapigwa picha kutoka angani. Hii ya mwaka jana. Tazama mwenyewe."

Mstari mwembamba. Unaanzia nyuma ya banda langu la kuku, unapasua shamba, unaishia...

Uani kwa Vernon.

"Si unaona? Kaja kukata mwenyewe aniponze. Na petroli yangu ilikuwa inapungua, nikasema hapa kuna mwizi."

"Orrin, kaa chini, bwana," Vernon akasema.

"Sikai."

"Alikata Lorna. Kwa ile mashine yenu ndogo ya uani. Kila Jumanne na Alhamisi alikuja kwetu kwa miguu, Darla anampeleka hospitali. Gari letu lingeonekana kwako, ungeambiwa, mngegombana."

Jumanne na Alhamisi. Siku zangu za kuchukua gari, kushinda mjini na wazee wenzangu, tunakunywa kahawa na kuitukana serikali.

Mimi nilijua kaugua wiki tatu akafa. Kumbe miezi minne.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema kitu cha kwanza ungeuliza ni nani anampeleka."

Nikakaa.

Kaylene akanisogezea fomu. "Mzee, unaweza kupona. Andika kwamba aliyekata hakuwa na ruhusa yako. Kamati itakusamehe."

"Andika tu," Vernon akasema. "Lorna angekuwepo angecheka tu, asingekasirika."

Tena ulikuwa ukweli mtupu. Ruhusa sikumpa.

Nikashika kalamu mpaka ikapata jasho. Halafu, kwa mwandiko wangu wa kuparaza, nikaandika: Aliyekata ni mke wangu. Ruhusa alikuwa nayo.

Mkataba ukafutwa. Nyumba niliiuza Oktoba. Vernon ndiye aliyenisaidia kubeba kitanda.

Serikali bado siipendi, msinishawishi. Picha yao iliona majani yaliyokatwa, haikumwona mgonjwa anayeyakata.

Lakini wao walikuwa juu angani. Mimi nililala naye kitanda kimoja.

Kama kwako kuna mtu amekuwa mkimya siku hizi, muulize leo. Muulize kwa upole, asije akajikatia njia yake peke yake.