Gazeti Lisilokunjika

Juzi nilikuwa kwa wakala wa magazeti hapa Kyela mjini, akaingia mama mmoja wa Bujonde na picha ya marehemu mumewe. Kila mwaka hutoa tangazo la kumbukumbu gazetini. Likitoka hulikata, hulikunja na kulilaza ndani ya Biblia.

"Mama, ukurasa wa kumbukumbu wameufuta," wakala alimwambia. "Karatasi ni ghali na wanunuzi wamepungua. Siku hizi wanaweka kwenye intaneti. Hata la mwaka jana lipo, njoo uone."

Akamgeuzia kompyuta. Uso wa marehemu ulijaa kioo kizima, macho wazi.

Mama akapiga goti. "Ugonile, baba," akasema. Ndivyo tusalimianavyo Wanyakyusa. Maana yake, umelala?

Nakiri kwamba hata mimi nilisubiri jibu.

"Yumo humu tangu mwaka jana?"

"Mchana na usiku, mama. Huyu hafutiki!"

"Basi hajalala. Mkunje."

"Hakunjiki, mama yangu. Labda nizime."

Akazima. Uso ulififia polepole, na macho yakawa ya mwisho kuondoka. Mama akavua kitenge cha begani, akakifunika kioo, akaomba kimya, akatoka bila kitenge chake.

Wenye magazeti, najua hali yenu ni ngumu. Lakini tangazo la marehemu mke wangu nalo limo humo. Namwomba Mungu ampumzishe, na tangu juzi nasalimia watu kwa Kiswahili.