Ncha za Mishipi Iliyokatika

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la zana za uvuvi pale Tunduma, Msimamizi wa Ghala alinikabidhi kiroba cha mishipi ya kuvulia iliyokatika na kurudishwa na wateja, akaniambia nikaichome. Wateja wetu wengi walikuwa wavuvi wa ziwani. Wa baharini walikuwa madereva wa malori kutoka pwani, wakiwanunulia ndugu zao wavuvi; foleni ya mpakani iliwapa muda wa kuzunguka madukani. Mshipi ukikatika, walilaumu duka.

Sikuichoma. Nilizaliwa Mbozi kwenye kahawa, bahari sikuwa nimeiona, na shule nyingine ya kazi hii sikuijua. Kwa kioo cha kukuzia nilizigawa ncha mafungu matatu. Iliyokatwa safi ni meno ya samaki. Iliyochanikachanika na kupauka imesuguliwa na mwamba. Iliyojikunja kama mkia wa nguruwe ni fundo lililoteleza, na hapo kosa ni la mfungaji.

Kabla mwezi wa majaribio haujaisha akaja Mzee Bakari, dereva wa Tanga, ambaye nduguye huvua nguru na kolekole. Alitaka mshipi mnene kuliko yote, mwanzo hadi mwisho. Nikaomba kuona iliyokatika. Ncha moja ilikuwa safi, nyingine imepauka.

Nikamshauri mshipi mkuu uwe wa kusukwa, mwembamba lakini wenye nguvu. Mbele yake afunge pima moja ya nailoni nene, inayostahimili matumbawe. Kwa nguru tu, mwenye meno makali, aongeze shubiri moja ya waya karibu na ndoana, isizidi, maana samaki huuona.

"Wewe kijana wa kahawa," akasema, "nguru umemwona wapi? Kwenye kopo?"

"Sijamwona, mzee. Nimeona alichokata."

Akacheka, akanunua. Alipotoka, Msimamizi akaniambia taratibu, "Huo mzigo ukirudi, utaondoka nao."

Haukurudi. Safari iliyofuata Mzee Bakari aliingia na madereva wanne, akaniita mwalimu mbele ya Msimamizi, akataka kila mmoja apimiwe kama yeye. Wiki hiyo nikaajiriwa. Baadaye nikapewa meza yangu, pamoja na amri kwamba mshipi wa baharini usiuzwe kabla sijaona uliokatika. Ninyi mnaoanza kazi hii, msitupe kilichoharibika kabla ya kukisoma.

Mwaka huu nimestaafu kwa hiari, nikaenda Tanga. Niliitazama bahari kama nusu saa, kisha nikamwomba mvuvi mmoja, asiyenijua, anionyeshe mshipi wake. Niliupapasa, nikamwambia pima ya mwisho imesuguliwa na mwamba, haifai tena. Akaupitisha vidoleni mara mbili, akatoa kisu, akaikata.