Mafahali Wawili Ndani ya Kompyuta

Jirani yangu muuza miraa ndiye aliyeniambia kwamba kadi mbili za picha, zile zinazoisaidia kompyuta kuchakata video, zenye femwea tofauti, ukiziweka ndani ya kompyuta moja, zinapigana mpaka mashine inaruka mezani. Huko Meru moja iliruka ikatokea dirishani. Niliamini yote, hata dirisha. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, mwenye cheti kikubwa kama mlango.

Femwea ni ile programu ndogo inayoishi ndani ya kadi yenyewe. Kadi yangu ya zamani ilikuwa na toleo lake, na ya mtumba niliyoongeza ikaja na lake. Lakini bila hizo mbili, video ya harusi niliyorekodi kule Ngaremara isingekamilika hata ndevu zangu zikifika magotini. Katika harusi hiyo nyanyake bi harusi aliwabariki maharusi mbele ya kamera yangu, na mwezi haukuisha akafariki. Baraka zile zilibaki ndani ya mashine ile tu. Kwenye kamera nilikuwa nimeshazifuta.

Sasa, kwetu ukileta fahali mgeni humtupi tu kwa mwenyeji. Unaweka miiba katikati mpaka wazoeane. Nikakata kipande cha kartoni ya majani chai, nikakichomeka katikati ya kadi ili zisionane, nikafunga mashine, nikawasha.

Baba wa bi harusi alikuwa tayari kwenye benchi la studio yangu, amekuja kuchukua video.

"Kijana, mbona unatoa jasho hivyo?"

"Ni joto la Isiolo, mzee."

"Mimi nimezaliwa hapa. Joto letu halimtoi mtu jasho akiwa kivulini."

Feni za ndani zikaanza kunguruma kama lori la ng'ombe kwenye mlima. Ikaja harufu ya plastiki. Kisha skrini ikawa nyeusi. Moyo wangu ulianguka ukafika huko mbali Korbesa, na mimi nikasogea mbali na dirisha.

Mzee akauliza polepole, "Na mama yangu bado yuko humo?"

Nilimpigia simu dada yangu mkubwa, mwalimu wa kompyuta, naye akaja na boda.

"Umefanya nini tena?"

"Zimepigana."

"Nani wamepigana?"

"Kadi."

Alinitazama, akafungua ubavu wa mashine, akachomoa kartoni kwa ncha za vidole kwa jinsi ilivyokuwa moto. Tukangoja ipoe. Alipowasha na kufungua video, nyanya akatokea, mkono juu, akibariki. Mzee akasogeza benchi hadi mbele ya skrini.

Dada akanikabidhi kartoni. "Kadi hazipigani. Kila moja inasoma femwea yake na kuendelea na kazi. Hii imeziba hewa, kadi ikapata joto, mashine ikajizima isiungue. Ni hivyo tu."