Nyanchoka na Njia ya Juu ya Kilima

Mwaka jana kina mama wa Dorkasi, kikundi cha wanawake kanisani, walipopanda kilima cha Asego kule Homa Bay, Nyanchoka aliachwa chini kulinda mabegi. Akalinda. Ila kila begi alilirudisha kwa mwenyewe kwa kishindo, na waliokuwa na mayai ya kuchemsha humo ndani waliyakuta yamepasuka.

Safari hii kilima kilikuwa chake. Kiko upande wa Kehancha, kichwa kimelala bapa kama meza, na ukingoni mwa ule ubapa kuna njia ya ng'ombe inayokizunguka chote. Ukiianza asubuhi, jioni imekurudisha ulipoanzia. Yeye na marehemu mumewe, Mokua, walitoka Kisii wakakodi shamba chini ya kilima hicho, wakalima tumbaku, wakazaa na kulea hapo. Miaka yote hiyo alikitazama kutoka chini, vidole vimegandwa na utomvu wa tumbaku. Mokua alizoea kumwambia, "Tukishavuna nitakupeleka juu ukaone shamba lako lilivyo dogo." Wakivuna, kuna kukausha. Wakikausha, kuna kuuza. Mokua akafa, Nyanchoka akahamia Migori mjini kuuza maharagwe sokoni, na huko juu hakuwahi kufika.

Kwa hiyo kina mama walipokutana kanisani kupanga, alikaa mstari wa mbele. Wakakubaliana waende Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato. Maji yabebwe, kule juu hakuna. Omosa, mwenyekiti wao, akauliza ni nani atawaongoza.

"Njia ile anaijua vizuri mtu mmoja tu," akasema Susana, ambaye ni Mkuria wa huko huko. "Ryoba. Amechunga ng'ombe pale tangu hajajua kuvaa suruali."

Kina mama wote wakamgeukia Nyanchoka. Ryoba ndiye aliyemwoa binti yake, Sheila.

Wakisii wana chinsoni, ile heshima iliyo na haya ndani yake. Mama mkwe hamshiki mkono mume wa binti yake, wala hali chakula machoni pake. Nyanchoka hakuwa amemgusa Ryoba hata siku moja, na hakuwa na nia ya kuanzia kilimani. Na huko kilimani palikuwa na mahali ambapo njia inabana, mwamba huku, bonde kule, na kila mgeni huvushwa kwa kushikwa mkono na kiongozi.

"Basi, Mama Sheila," akasema Omosa kwa sauti ya upole mwingi, "si utulindie tu mabegi?"

"Mwaka huu mabegi yatajilinda." Nyanchoka akafikiri kidogo, kisha akasimama. "Ryoba awapeleke nyinyi kwa upande wa kushoto. Mimi na Susana tutashika wa kulia. Hatutaonana."

Wakampigia makofi. Omosa akaanza sala ya kufunga mkutano. Katikati ya sala, mabega ya Susana yakaanza kutikisika.

"Mnisamehe," akasema, machozi yakimtoka. "Mama, njia hiyo inazunguka! Wewe ukitokea huku na yeye akitokea kule, mtakutana. Na mtakutana wapi? Pale pale pembamba, uso kwa uso!"

"Mkwe mbele, bonde kando!" mwingine akadakia. "Utampisha wapi, mama?"

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Amina haikusikika.

Nyanchoka hakucheka. Alifika nyumbani, akavua viatu, akampigia Sheila simu.

"Mama, Ryoba anasema siku hizi watu hawajali hayo," akasema Sheila. "Atakushika tu, ni usalama."

"Mwambie nimesikia. Nimemheshimu tangu alipokuja kukuposa, sitamvunjia heshima kwa ajili ya jiwe. Ana kamba ya ng'ombe?"

"Anazo."

"Afunge moja pale pembamba, kwa mti wa huku na mti wa kule. Atangulie na wenzangu, asisimame. Akishapita kona apige mluzi, ule wa ng'ombe. Nikiusikia nitajua hanioni, nitavuka na kamba yangu. Na chakula, wao wale mbele, mimi na Susana nyuma."

Sauti ya kiume ikanong'ona kule upande wa pili.

"Anauliza, nawe utapiga mluzi ukishavuka, ajue umefika salama?"

"Mwanamke wa umri wangu apige mluzi? Nitaimba."

Mnong'ono tena. "Anasema kesho anaenda kutafuta miti imara."

Sabato iliyofuata Nyanchoka akamweleza Omosa mpango wote, wamesimama nje ya kanisa. Omosa akasikiliza akitafuta pa kuutoboa.

"Na ukichoka huko nyuma?"

"Nitaketi."

"Ukiketi ukashindwa kuinuka, nani atakuchukua?"

"Mwenye nguvu za kunibeba ni Ryoba peke yake," akasema Nyanchoka, "na Ryoba hawezi kunigusa. Kwa hiyo nitainuka."