Namba ya Shaba

Kabla ya kuanzisha hesabu, asistanti mmoja wa maabara ya chuo kikuu huigusa kompyuta kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa. Humo ndani hulipua waya ambao haupo: shaba nyembamba kama unywele, inayopigwa umeme mpaka igeuke mvuke, kisha gesi inayowaka. Kila hatua huinakili kwa kalamu, maana hapa Lubumbashi umeme hukatika bila hodi. Akikasirika hapazi sauti. Hufunga tu kifuniko cha kalamu: tak! Mwanafunzi wake, Wivine, ameusikia mlio huo mara nyingi kuliko salamu zake.

Jana asubuhi profesa alileta makala yenye jina lake na la asistanti. Mlipuko wa kompyuta ulikuwa umechelewa kuliko ule uliopimwa kwenye waya wa kweli. Katika hesabu, namba moja ya sifa za shaba ndiyo huamua wakati huo.

"Badirisha tu kidogo ile namba ya shaba," profesa alisema, "mustari upite fasi, pale bantu balipima. Kesho tunatuma."

Tak!

"Prof, shaba haiko ya kubembeleza. Kama mahesabu inakosa, tutafute fasi inakosea."

"Weye unataka thèse yako ya udaktari ao hautaki?"

Wivine, aliyekuwa amesimama pembeni, aliinamisha kichwa kwa hasira. Kuidanganya shaba, katika mji uliojengwa na shaba! Asistanti aliifungua kalamu, akalikata jina lake kwenye makala, akakandamiza mpaka karatasi ikachanika.

"Kamata, Prof. Sasa iko ya kwako peke yako."

Tak!