Tuliposoma Riwaya ya Msafara Kasongo

Mwalimu wa darasa la sita wa mtaani kwetu alikuwa na riwaya moja tu kwa darasa zima, tena jalada lake lilikuwa limekwisha kuchanika. Ilikuwa riwaya ya Kiswahili juu ya msafara wa zamani, wakati ule wa biashara ya pembe za ndovu na watu, misafara ilipokuwa ikitoka upande wa ziwa na kufika huku mto Lualaba. Somo lenyewe la historia lilikuwa sentensi chache za Kifaransa ubaoni. Watoto walizinakili, wakazikariri, basi. Mwalimu alitaka wauone ule wakati.

Aliniita mimi niwasomee kwa sababu ninasoma polepole. Nilimaliza shule ya msingi, sikuendelea. Ninauza mawese sokoni pamoja na mama, na mteja akinisemesha sana ninaangalia chini. Lakini mwalimu ni jirani yetu, alikuwa akinisikia nikiwasomea wadogo zangu uani.

"Mimi nikisoma wanalala," alisema. "Weye unasoma kama mutu anayetembea na muzigo. Watakufuata."

Sikujua kama ananisifu au ananicheka. Nilienda.

Tulisoma mchana, masomo yakiisha. Kila nilipofunga kitabu mwalimu aliuliza mambo madogo madogo. Leo watu wa msafara wamekula nini? Chumvi wameipata wapi? Watoto walikwenda kuuliza nyumbani, na mmoja akarudi na habari kwamba zamani huku kwetu chumvi ilichujwa kutoka majivu ya majani yanayoota majini. Siku nyingine tulibeba magunia ya mihogo mikavu kichwani kuzunguka uwanja wa mpira, bila kugeuza shingo, kama wapagazi. Waliokuwa wakicheka walinyamaza kabla ya kufika kwenye goli la pili.

Kisha mwalimu akawaambia kila mtoto achague mtu mmoja kitabuni, amfuate mpaka mwisho. Watoto wa familia za Kiislamu za mjini, ambazo huhesabiwa kizazi cha wafanyabiashara wa zamani, walichagua tajiri wa msafara, mke wake na msimamizi wake. Watoto wa wakulima, ambao wengi wana ndugu huko upande wa Wamaza na Lusangi, walichagua wapagazi na mateka. Hakuna aliyewapanga. Hapa Kasongo kila mtu anajua nyumba ipi ilitoka wapi, kwa hiyo mimi na mwalimu tuliona ni sawa tu, kama watu wanaokaa kila mmoja kwenye mkeka wa kwao.

Tajiri alichaguliwa na msichana mmoja, binti wa muuza vitenge. Alimpenda kwa sababu anajua hesabu kama baba yake. Tulipofika mahali tajiri anaponunua watu kijijini, mvulana mmoja aliyekuwa mchekeshaji wa darasa, ambaye baba yake ni mkulima wa kabila la Wabangubangu kutoka Wamaza, aligeuka kwenye benchi.

"Weye, babu yako alinunua wangu kwa shanga ngapi?"

Benchi zima likacheka. Mwingine akaongeza, "Musikae karibu naye! Anatupima mabega. Kesho tutaamuka Unguja."

Msichana naye alicheka. Kesho yake wakamwita Tajiri kwenye pompi ya maji, mbele ya wanawake. Siku iliyofuata hakuna aliyetaka kushika ncha ya pili ya kamba alipotaka kuruka. Baadaye hakuja tena, si mchana kwenye riwaya wala asubuhi darasani. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umekaribia. Akiendelea kukaa nyumbani, mwaka wake wote ungepotea, na baba yake angepata sababu ya kumweka dukani moja kwa moja.

"Enda weye," mwalimu aliniambia. "Mimi nikienda, baba yake ataona shule imekuja kumulaumu."

Nilizunguka mtaa wao kwanza, nikitafuta maneno. Sikuyapata. Nilipobisha hodi nilimkuta bibi yake peke yake uani, anachambua mchele. Msichana alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Niliona miguu yake.

"Karibu. Umeleta mawese?"

"Hapana, bibi. Nimeleta kitabu."

"Kitabu hakikaangi samaki. Haya, kaa."

Kwa kuwa sikuweza kueleza, nilisoma. Nilimsomea mahali palepale palipoleta ugomvi: kijiji, shanga, watu wakifungwa kamba, mwanamke mmoja kijana akiangalia nyuma. Bibi aliendelea kutupa mawe ya mchele, kisha mikono yake ikasimama.

"Huyo mwanamuke, kitabu kinasema aliishia wapi?"

"Alikaa nyumbani kwa tajiri, bibi. Akamzalia watoto."

"Aa! Weye wa nyuma ya pazia, toka." Msichana akatoka, macho mekundu. "Unalia kwa sababu wanakuita mutoto wa tajiri. Na mama ya hao watoto wa tajiri alikuwa nani? Alianguka kutoka mbinguni?"

Msichana akakaa chini kando ya ungo.

"Mama mukubwa wa nyumba hii, aliyetuzaa sisi wote, alikuwa Mubangubangu wa Wamaza, kule Kabambare," bibi alisema. "Alifika hapa na kamba, kama huyu wa kitabu. Watu wa kwao walimutafuta miaka, wakamukuta ana watoto, hakutaka kuwaacha. Basi wakasema, hawa ni wapwa wetu. Nilipokuwa mudogo tulikuwa tunaenda kwao Wamaza. Tunaingia kwa mujomba, tunakamata kuku, tunaenda nayo. Mujomba anaangalia tu. Kule mupwa haombi."

"Kuku yoyote?"

"Hata jogoo. Mimi nilikamata moja, ikaninyia nguo ya Idi."

Msichana alicheka huku akijifuta pua. Kisha akauliza kwa nini hawakuambiwa.

"Muliuliza?" bibi alisema. Alirudi kwenye mchele wake, kisha akasema kwa sauti nyingine, "Haiko habari ya kuimbia watoto. Lakini haiko aibu yako."

Kesho yake asubuhi alirudi darasani, na mchana akaja kwenye riwaya. Mvulana yule alimwona mlangoni.

"Tajiri amerudi! Shikaneni mikono!"

Msichana alikwenda akasimama mbele ya benchi lake. "Jambo, mujomba."

"Mujomba wa nani?"

"Wangu. Mama mukubwa wa kwetu ni dada yenu, Mubangubangu wa Wamaza. Kwa hiyo nataka kuku."

Mvulana alijua vizuri habari ya kuku. Kwao wapwa wa baba yake huingia uani na kutoka na kitu, na mjomba anayemtukana mpwa wake mbele ya watu huchekwa yeye.

"Nani alikuambia mambo ya kuku?" aliuliza.

"Kesho nakuja kwenu. Nakamata mwenyewe."

"Ile nyeupe hapana! Iko ya mama!"

Watoto walilala juu ya madaftari kwa kicheko, na mwalimu alitoka nje kidogo ili asionekane. Tangu hapo sikusikia tena mtu akimwita Tajiri. Walimwita Mupwa, na jina hilo aliliitikia. Sasa watoto wengine walianza kuuliza kwao juu ya mama wa mababu, si mababu tu, na kitabu kilikwenda polepole kuliko hata ninavyosoma.

Siku chache baadaye tulifika mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sijapasoma. Mtawala wa kijiji kando ya mto anataka bunduki. Hana pembe. Anamwita mtoto wa dada yake, anampa chakula, kisha anamkabidhi kwa watu wa msafara. Niliposoma neno "mpwa" sauti yangu ilishuka, na watoto wakamgeukia yule mvulana aliyeitwa mujomba. Hata wale wa benchi lake. Alikuwa akiangalia mbao za meza.

Nilimwangalia msichana. Kama angesema neno moja tu, darasa zima lingemfuata. Alitoka kwenye benchi lake, akaenda kukaa karibu naye.

"Huyu mtawala," mwalimu aliuliza, "nani amemchagua?"

Hakuna aliyekuwa amemchagua. Mvulana akainua mkono. "Nipe mimi huyo. Nitamusoma mwenyewe."

Nilimpelekea kitabu. Alisoma vibaya, maneno ya mtawala yakimtoka moja moja, na pale alipokwama msichana alimwonyesha kwa kidole neno linalofuata.